Somo: Tuzuie Joto Lisitoke, Lakini Tusizibe Pumzi ya Nyumba

Somo letu safari hii ni la wakati wa baridi. Tunaomba lisomwe kwa sauti katika mkutano wenu, polepole, na mtu akiwa na swali asimamishe msomaji. Msilipite haraka. Mtaona sababu.

Sisi tunaokaa sehemu za juu, kama Limuru, Kinangop, Molo na Timau, tunajua vile mwezi wa sita mpaka wa nane huwa. Huko ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Jua halionekani siku tatu, ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba, na usiku mabati yanatoa jasho linalodondokea blanketi. Watoto wanakohoa na wazee wanaumwa na viungo. Basi mtu anatafuta njia yoyote ya kushika joto lisitoke, na hiyo ni haki yake. Lakini kuna njia za kushika joto ambazo zinaua. Ndiyo maana tunataka tuzitenganishe leo.

KWA NINI TUNATOA SOMO HILI

Lazima tuanze kwa kukubali kosa letu. Mwaka mmoja tulikwenda kufundisha kikundi cha akina mama namna ya kuziba nyufa za nyumba ili baridi isiingie. Tulieleza habari ya matope, ya magunia na ya pazia. Somo lilipendeza na watu wakapiga makofi. Lakini hatukusema neno hata moja juu ya jiko la makaa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, tulirudi tukaambiwa habari ya nyanya mmoja wa kikundi hicho hicho. Alikuwa ameziba nyumba yake vizuri sana, kama tulivyofundisha. Hata yale matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha alikuwa ameyajaza nguo kuukuu na gazeti. Jioni moja ya baridi kali akaingiza jiko chumbani alikolala na wajukuu wawili, akafunga mlango. Asubuhi jirani alikuja kuchukua maziwa, akabisha, hakuna jibu. Akasukuma mlango. Nyanya alikuwa ameanguka karibu na mlango, kama mtu aliyejaribu kutoka akashindwa. Watoto walikuwa wamelegea na kutapika.

Jirani aliwavuta nje wote watatu. Walifikishwa hospitali, wakapona. Lakini nyanya alituambia maneno ambayo hatujayasahau: "Nilifanya vile mlisema." Na ni kweli, alifanya. Sisi ndio tulifundisha nusu ya somo. Leo tunatoa nusu iliyobaki.

JOTO HUTOKA WAPI?

Hewa ikipata joto inakuwa nyepesi na kupanda juu. Ndiyo sababu ukisimama juu ya kiti ndani ya nyumba yenye moto, kichwa chako kinasikia joto kuliko miguu. Sasa ile hewa ya joto ikifika juu inakuta nini? Katika nyumba nyingi inakuta mabati peke yake. Bati ni chuma chembamba. Usiku linapoa haraka, na joto lote linapita hapo kwenda mbinguni. Lile jasho la mabati ni mvuke wa pumzi zetu unaogusa bati baridi na kugeuka maji.

Kwa hivyo joto kubwa linatoka kupitia paa. Tena linatoka kwa nyufa za mlango na madirisha yasiyokaa sawa, na nafasi iliyo kati ya ukuta na mabati. Pia miili yetu inapoteza joto kwa sakafu, kama tunalala chini au juu ya godoro jembamba.

Halafu kuna yale matundu ya hewa ambayo fundi huacha juu ya dirisha. Ni kweli, hapo pia joto kidogo linatoka. Lakini hayo matundu si kosa la fundi. Hizo ndizo pua za nyumba. Mtu akisikia baridi hujifunika blanketi, lakini hazibi pua yake.

JIKO LINAKULA HEWA

Moto hauli makaa peke yake. Unakula na hewa pia. Hebu tufanye hesabu ndogo. Chumba cha mita 3 kwa mita 3, chenye urefu wa mita 2 na nusu kwenda juu, kina hewa ya mita za ujazo 22 na nusu. Kilo moja ya makaa ikiungua yote kabisa, huku kwetu juu inahitaji oksijeni iliyo katika karibu mita 10 za ujazo za hewa. Hiyo ni karibu nusu ya hewa yote ya chumba! Na wale wanaolala humo nao wanahitaji kupumua. Tena huku juu hewa ni nyembamba tayari. Kwenye mita 2,500 tunapata kama robo tatu tu ya oksijeni anayopata mtu wa Mombasa kwa kila pumzi.

Ubaya ni kwamba moto haungojei mpaka hewa iishe. Hewa ikianza tu kupungua, makaa yanaanza kutoa kwa wingi zaidi gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Na hata hewa ikiwa ya kutosha, jiko la makaa bado hutoa kiasi cha gesi hii wakati wote linapowaka.

GESI ISIYOONEKANA

Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Haimfanyi mtu akohoe. Hapo ndipo hatari yake ilipo. Moshi wa kuni unakufukuza nje ukilia machozi. Makaa mekundu yanakukaribisha uketi karibu.

Inaua namna gani? Tuchukue damu yetu kama barabara, na zile chembe nyekundu kama matatu zinazobeba oksijeni kutoka mapafuni kupeleka mwili mzima. Hii gesi ikiingia, inapanda matatu hizo na kushika viti. Inashika kwa nguvu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200. Oksijeni inabaki kwa steji, matatu zinapita zikiwa zimejaa abiria wabaya ambao hawataki kushuka. Moyo na ubongo unakosa oksijeni. Mtu anasikia usingizi, miguu inakosa nguvu, na hata akijua kuna shida hawezi kuinuka afungue mlango. Aliyelala tayari anaweza asiamke.

Watoto wadogo, mama wajawazito, wazee na wagonjwa wa moyo huumia upesi zaidi. Kwa mama mjamzito, mtoto aliye tumboni anaweza kuumia vibaya hata kama mama mwenyewe anaonekana ana nafuu.

YALE WATU HUSEMA

Katika mikutano tumesikia mambo mengi. Tujibu machache.

"Makaa yakishakuwa mekundu hayana gesi." Si kweli. Kuwasha jiko nje mpaka moshi uishe kunasaidia kuondoa moshi. Hakuondoi hii gesi. Makaa mekundu yanaitoa mpaka yanapozimika.

"Nikifunika makaa na majivu hayatadhuru." Si kweli. Majivu yanafanya moto uwe wa polepole na wa kukosa hewa. Gesi bado inatoka, tena kwa usiku mzima.

"Nikiweka karai la maji chumbani, maji yatanyonya gesi." Si kweli. Gesi hii hainyonywi na maji kwa kiasi cha kusaidia mtu.

"Mimi nitasikia harufu niamke." Harufu unayosikia ni ya vitu vingine vilivyo katika moshi. Gesi yenyewe haina harufu.

"Aliyezidiwa apewe maziwa." Maziwa yanaingia tumboni. Gesi iko ndani ya damu. Na mtu asiyejitambua akinyweshwa kitu anaweza kupaliwa afe.

"Tumefanya hivi miaka yote na hatujakufa." Labda nyumba yenu ya zamani ilikuwa ya mbao au udongo yenye nyufa nyingi, hewa ikipita bila nyinyi kujua. Nyumba mpya ya mawe yenye plasta, vioo na mlango wa chuma haina nyufa. Jiko ni lile lile, lakini nyumba imebadilika.

TUZIBE NINI, TUSIZIBE NINI?

Mama mmoja alituuliza kwa hasira, "Sasa mnataka tufe na baridi?" Hapana, mama. Kazi bado iko nyingi ya kufanya, na nyingi si ya pesa kubwa. Tufuate utaratibu huu.

1. Tuanze na paa. Dari ndiyo blanketi ya nyumba. Kama mbao za dari ni ghali, shoneni magunia safi pamoja, yavuteni yakaze juu ya fito, kisha pakeni uji mwepesi wa saruji. Mikeka ya matete au mianzi pia inafaa. Msitumie makaratasi ya nailoni wala katoni mahali moto unapowashwa, kwa maana zinashika moto haraka. Na dari isifunike yale matundu ya ukutani.

2. Mlango. Shona mfuko mrefu wa kitambaa, ujaze mchanga au unga wa mbao, uulaze chini ya mlango usiku. Lakini uutumie baada ya jiko kutoka nje, si kabla.

3. Madirisha. Pazia zito lifungwe jua linapotua na lifunguliwe asubuhi ili jua liingie. Kioo kilichovunjika kibadilishwe. Nyufa za fremu zizibwe kwa matope au saruji.

4. Kitanda. Inua kitanda kutoka sakafuni. Chini ya godoro tandika gunia au katoni zilizokunjwa. Baridi ya chini inapungua sana.

5. Joto bila moto. Chemsha maji jioni, yatie katika ile chupa ya mpira ya maji moto, uifunge vizuri, uizungushie kitambaa, uiweke kitandani dakika chache kabla ya kulala. Kwa mtoto mchanga, iondoe kabla hujamlaza ili isimchome.

6. Matundu ya hewa. Haya yasizibwe kamwe. Kama upepo unaingia kwa nguvu na kuwapiga mnaolala, sogezeni kitanda, au fundi aweke kibao cha kukinga kilicho mbali kidogo na tundu, ili hewa ipite kwa kuzunguka. Ule upepo uvunjwe nguvu, lakini njia ibaki wazi.

7. Jiko. Kama ni lazima mote moto ndani jioni, fungua dirisha kwa upana wa kiganja na acha matundu ya juu wazi. Hewa baridi iingie chini, hewa chafu itoke juu. Watu wote wawe macho. Na kabla mtu wa kwanza hajaenda kulala, jiko litoke nje, hata kama mvua inanyesha. Hata matundu yakiwa wazi, hakuna mtu alale chumba kimoja na jiko linalowaka.

Wengine huacha jiko ndani kwa sababu wanaonea huruma makaa yasipotee. Basi chukueni debe au mkebe wa chuma wenye kifuniko. Uwekwe nje, mbali na ukuta wa mbao na nyasi. Mimina makaa humo, funika. Yatazimika kwa kukosa hewa, na kesho utayawasha tena. Hakuna hasara. Lakini mkebe huo usiingizwe ndani usiku huo, kwa sababu makaa yaliyo chini yanaweza kuwa bado hai.

NYUMBA ZENYE DOHANI NA MOTO WA GESI

Katika sehemu kama Molo na Kinangop kuna nyumba za zamani zenye mahali pa kuota moto na dohani, ambayo wengi huita chimni. Dohani ni nzuri kwa sababu inatoa moshi na gesi nje. Shida ni kwamba moto ukizimika, dohani inaendelea kunyonya hewa ya joto usiku kucha, na asubuhi nyumba ni baridi kama hakukuwashwa kitu.

Hapa unaweza kuziba, lakini kwa sharti moja. Majivu yawe yamepoa kabisa, na umeyachokoa kwa chuma mpaka chini. Kaa la gogo linaweza kujificha ndani ya majivu siku nzima likiwa hai. Kifuniko kiwe cha bati, kisiwe cha gunia wala mbao. Kifungeni kwa waya mrefu wenye kitambaa chekundu kinachoning'inia mbele, ili mtu asije akawasha moto dohani ikiwa imefungwa. Tena dohani isafishwe kila mwaka kabla ya baridi, kwa maana masizi na viota vya ndege huiziba bila sisi kujua.

Siku hizi kuna nyumba za wageni na nyumba za mjini zenye moto wa gesi ya mtungi uliojengewa ukutani, na bomba la kutoa hewa chafu nje. Tumeulizwa kama bomba hilo linaweza kuzibwa usiku ili joto lisipotee. Jibu ni hapana. Mara nyingi kuna kimoto kidogo kinachobaki kikiwaka hata moto mkubwa ukizimwa, na uchafu wake unatokea bomba hilo hilo. Ukiliziba, gesi inarudi chumbani. Unachoweza kufanya ni kumwita fundi wa gesi mwenye ujuzi azibe ule mwanya unaolizunguka bomba linapopita ukutani, kwa kitu kisichoshika moto, na aangalie kama kifuniko cha nje na kioo cha mbele ziko sawa. Kama moto huo hautatumika kwa miezi mingi, fundi huyo anaweza kuzima kile kimoto kidogo na kufunga gesi kabisa. Bomba lenyewe msiliguse. Kama mwenyeji wa nyumba ya wageni ana uwezo, anunue king'ora cha kaboni monoksaidi kinachotumia betri. King'ora cha moshi ni kitu tofauti, hakisikii gesi hii.

DALILI NA HUDUMA YA KWANZA

Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, na mwili kukosa nguvu. Wengi hudhani ni malaria au chakula kibaya. Lakini jiulizeni: je, watu kadhaa wa nyumba moja wameumwa pamoja? Je, wakitoka nje wanapata nafuu, na wakirudi ndani wanaumwa tena? Je, kuna jiko au moto ndani? Kama ndiyo, shukuni gesi.

Ukikuta watu wamezidiwa, fanya hivi:

Kwanza, vuta pumzi nje, kisha fungua mlango na madirisha wazi kabisa. Usikae ndani, usije ukaanguka nawe. Ita watu.

Pili, watoeni wote nje kwenye hewa safi, hata wale wanaosema hawajambo. Jiko litolewe baadaye.

Tatu, asiyejitambua lakini anapumua alazwe kwa ubavu. Asiyepumua apewe pumzi na yule aliyefundishwa, bila kuchelewa. Wafunikeni blanketi huko nje. Msiwarudishe ndani kwa sababu ya baridi.

Nne, wapelekeni hospitali, na mseme wazi, "Walilala na jiko." Daktari asipoambiwa anaweza kutibu ugonjwa mwingine. Mtu akivuta hewa ya kawaida, inachukua kama saa 4 au 5 nusu ya gesi hiyo kutoka katika damu. Akipewa oksijeni kwa barakoa hospitalini, muda huo unashuka mpaka kama saa moja na nusu. Kwa hivyo usafiri wa haraka una maana, na waliopata nafuu pia waende wakapimwe.

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya baridi kuanza, kila kikundi kichague watu wawili, mama mmoja na kijana mmoja, wapite nyumba kwa nyumba. Waanze kwa wazee wanaoishi peke yao na kwa akina mama wenye watoto wachanga. Wasiende kama polisi. Wapige hodi, wakae, wanywe chai, halafu waombe kuona chumba cha kulala. Wakikuta matundu yamezibwa, wasaidie kuyafungua, lakini wasiondoke hivyo tu. Mkimwondolea mtu tambara lake bila kumpa njia nyingine, usiku atalirudisha. Kwa hivyo wawe na gunia la dari, mfuko wa mlango, au hata blanketi iliyochangwa na kikundi.

Maswali ya kujadiliana:

1. Katika nyumba yako, joto linatoka wapi zaidi? Umejuaje?
2. Ni nani katika kijiji chetu analala na jiko? Ni kwa sababu gani hasa? Ni baridi, ni kukosa blanketi, au ni kuogopa jiko kuibwa nje?
3. Debe moja lenye kifuniko linagharimu pesa ngapi sokoni kwenu? Kikundi kinaweza kununua mangapi kwa pamoja?
4. Ikitokea usiku, gari la kwenda hospitali tutalipata kwa nani?

Yule nyanya tuliyemtaja bado yuko hai. Nyumba yake ina dari ya magunia sasa, mlango wake una mfuko wa mchanga, na matundu yake yako wazi. Jioni analitoa jiko mwenyewe, analimimina ndani ya debe, halafu anamtuma mjukuu mkubwa ahakikishe kifuniko kimekaa. Tulipomtembelea mara ya mwisho alituonyesha yale matundu juu ya dirisha, akacheka, akasema, "Siku hii mlikuja na somo zima."